Mizimu ya Baba Mdogo Ilikuwa na Njaa

Kipaza sauti kinanuka tangawizi. Nimekiweka rafu ya chini dukani, nyuma ya majora ya vitenge, kwa sababu sikujua pa kukiweka kwingine, na kila nikiinama kumtolea mteja kitambaa harufu ile inanipanda puani. Baba mdogo Nestori alitafuna tangawizi mbichi kulinda koo lake. Sponji ya kipaza sauti imekunywa pumzi yake miaka na miaka, na sasa mwenyewe yuko chini ya udongo kule Kibondo, harufu imebaki kwangu. Mjane wake ndiye aliyenipa nilipokuwa naaga msibani. "Chukua wewe," aliniambia. "Hapa hakuna mwingine atakayejua cha kukifanyia." Hata mimi sijui. Waya wake umekatika, na hata ungekuwa mzima, muuza vitenge wa Kasulu atahutubia nani?

Nimechoka, nisiwafiche. Mwaka huu misiba imefuatana kama watoto wa baba mmoja, na kwenye kila msiba napewa kazi ile ile ya kusimamia masufuria, eti kwa kuwa nina mwili na sauti ya kukemea. Nimerudi na vumbi la njiani, nimefungua duka, nimekaa kwenye kigoda changu, na badala ya kuhesabu mali iliyoingia kutoka Manyovu nakaa kunusa kipaza sauti kibovu. Wateja wanadhani nina mafua.

Mtu wa rika langu aliyekulia Kibondo hahitaji kuelezwa banda la video lilikuwa nini, ila nitaeleza, maana watoto wetu hawaamini. Lilikuwa banda refu la mabati, mali ya Mzee Shomari, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye hakupitisha siku bila kutukumbusha jambo hilo. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya kijivu yaliyotoka kambi ya wakimbizi, mchana kweupe ukageuka giza. Ndani kulikuwa na mabenchi ya mbao za mikaratusi, hewa ya jasho na karanga za kukaanga, na nje jenereta likinguruma na kututia harufu ya petroli mpaka kwenye nguo. Mbele, juu ya kabati, ilikaa runinga ndogo kuliko hii niliyonayo sebuleni sasa. Pembeni yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Baba mdogo na kipaza sauti.

Filamu zilikuja na lugha zao: Kiingereza, Kihindi, Kichina, na nyingine za mataifa ambayo hatukujua hata yako upande gani. Yeye ndiye aliyezitia Kiswahili, papo kwa papo, picha ikienda. Kiswahili kikimpungukia alimalizia kwa Kiha, na Kiha kikimpungukia akachota Kirundi cha nyumbani, kwani ukoo wetu ulivuka mpaka kabla sijazaliwa, tukapewa uraia, tukabaki. Watu walimpenda. Akiwa njiani vijana walimwita kwa majina ya masteringi wote aliowahi kuwasemea, naye akawaitikia kila mmoja kwa sauti ya huyo steringi.

Mchana wa siku ya gulio ulikuwa wa picha za kutisha. Watoto hawakuruhusiwa, lakini mimi nilikaa mbele kabisa, juu ya gunia lililokunjwa, karibu na mguu wake, na nikiwepo mimi watoto wengine wachache walipenya wakadai na wao ni ndugu zake. Hapo ndipo nilipojifunza habari za wafu. Nitawapa mfano. Msichana yuko peke yake nyumbani, mara mlango unagongwa. Anafungua. Nje kasimama mtu aliyetoka kaburini, macho meupe, udongo kwenye nywele, mdomo wazi. Baba mdogo anasogeza kipaza sauti na kusema kwa sauti ya upole, ya mtu aliyetembea sana: "Amahoro, wenyeji. Nimetoka mbali, na njia imeniharibu kama mnavyoniona. Chakula kimebaki?"

"Kipo!" tunapiga kelele watoto wote wa mbele.

Msichana kwenye runinga anapiga yowe. "Anasema karibu mgeni, kigoda kile pale," Baba mdogo anatueleza. Mfu anamrukia na kumshika shingo. "Wanakumbatiana. Hawajaonana siku nyingi." Damu inaruka ukutani. "Aa, wamemwaga mchuzi. Furaha hiyo, msishangae." Huko nyuma watu wazima wengine walicheka, wengine walisonya. Mimi sikuona cha kucheka wala cha kusonya. Niliona jambo la kawaida kabisa: mtu amekufa, amechelewa njiani, amefika na njaa, na wenyeji wamepigwa na butwaa la furaha. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa.

Hata nje ya banda mambo yalikuwa hivyo hivyo. Karatasi za magazeti ya katuni zilifika Kibondo zikiwa zimezeeka, nyingi zikifungia maandazi, na mafuta yake yaliwafanya mashetani wa kwenye picha waonekane hadi upande wa pili. Baba mdogo alizinyoosha juu ya goti lake Jumapili baada ya kanisa na kunisomea yaliyoandikwa kwenye vile viputo vinavyotoka midomoni. Kiunzi cha mifupa chenye panga kilikuwa kinaomba chumvi kwa jirani. Jini lenye pembe lilikuwa limepotea njia, linauliza barabara ya Mabamba. Alikuwa pia na riwaya moja ya kutisha, gamba lake limechanika, jeneza limechorwa juu. Aliisoma kidogo kidogo, akilamba kidole kila akifunua ukurasa. Jeneza lilikuwa linagonga kutoka ndani. Nilimuuliza linataka nini. "Anataka kutoka awasalimie," alisema. "Wamemfungia kwa bahati mbaya, wameshatuma mtu kufuata ufunguo."

Sasa lazima nimtaje baba yangu, vinginevyo haya yote ni porojo. Baba alivuka mpaka kwa njia ya Mabamba kwenda kuangalia shamba la wazee wake, akisema hakawii. Mimi nilipelekwa Kasulu kwa mama mkubwa, likizo. Nikiwa huko wafanyabiashara walileta habari kwamba baba ameugua malaria, amefariki, na amezikwa huko huko. Haya nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba nimerudi Kibondo nikamkuta mama amenyoa kipara. Kule Kasulu na mimi nilikuwa nimenyolewa kwa sababu ya chawa, basi nikamwonea huruma mama kwa kudhani amepata chawa ukubwani, na kwa heshima sikumuuliza.

Nilichomuuliza ni kingine. "Baba anarudi lini?"

Mama aliendelea kuchambua maharage. "Muulize baba yako mdogo," alisema. "Yeye ndiye atakayekueleza."

Kwetu ilikuwa hivyo, na kwenye ukoo wetu ni hivyo mpaka leo. Mwanamume akifa, mwanawe huambiwa na ndugu wa huyo mwanamume. Mama hana ruhusa ya kulitamka kwanza, hata kama moyo unampasuka, na hakuna jirani atakayemtangulia mwenye zamu. Basi zamu ilikuwa ya Baba mdogo Nestori, mtu aliyekula kwa mdomo wake, aliyewapa maneno Wachina na Wahindi. Nilikwenda kumuuliza. Alinitazama sana, akatafuna kipande cha tangawizi, akasema, "Kesho, mwana wanje." Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Akanishika mkono akanipeleka bandani, akanikunjia gunia.

Ile kesho ikapata kesho nyingine. Msimu wa mahindi ukaja ukapita. Siku moja kisimani niliwasikia wanawake wawili wakinong'ona kwamba yule ndiye mtoto wa marehemu, maskini, baba amekufa ugenini. Nilisikia vizuri na nilielewa vizuri. Sikulia. Kwa nini nilie? Wafu nilikuwa nawaona kila siku ya gulio, nilijua taratibu zao. Ila nilianza kusumbuka kuhusu jambo moja, nalo ni kwamba mama alikuwa na tabia ya kula ukoko wote wa chungu, na baba angefika asikute kitu. Nikawa nabakiza. Mama alidhani sina hamu ya kula, akanichemshia majani ya mti fulani machungu kama nini.

Halafu ikaja siku ambayo nyumba nzima ilichangamka. Watu walifika tangu asubuhi na mitungi ya pombe ya ndizi. Viti vilikodishwa kanisani. Mama, ambaye miezi yote ile alivaa gauni moja lililopauka, alioga, akajipaka mafuta, akafungua sanduku na kutoa kitenge kipya cha rangi ya machungwa. Nywele zake zilikuwa zimeshaota, akazichana mbele ya kioo kidogo cha baba. Kwetu siku hiyo tunaiita kuganduka. Ni siku ya kufunga msiba: watu hula na kunywa, msemaji wa ukoo husimama na kutangaza kwamba kilio kimekwisha, wafiwa warudi kwenye kazi zao na mavazi yao. Lakini nani angemweleza mtoto? Kila mtu aliamini nimeshaelezwa. Mimi niliona kitenge, niliona kioo cha baba kimetolewa, niliona maharage, nyama na ugali wa muhogo wa kulisha kijiji, nikahesabu mwenyewe. Leo ndiyo leo. Leo anafika.

Nilifanya nilichojua. Nilimega ugali, nikaweka maharage na kipande cha nyama kilichonona, nikafunika sahani kwa sahani nyingine. Nikaenda kusimama kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Nilisimama wima kama askari wa forodha, sahani mkononi, nikirudia kimoyomoyo amahoro, amahoro, nisije nikasahau salamu kwa furaha. Jua lilikuwa la utosi. Watu waliingia na kutoka wakinipapasa kichwa, wakaniita mtoto mwema.

Mzee Shomari alikuwa ameazima jenereta na spika za banda, ndipo kwa mara ya kwanza nikamwona Baba mdogo na kipaza sauti chake juani. Mchana ule kweupe alionekana mdogo, koti limempwaya. Alisimama katikati ya uwanja, watu wakatulia. Alianza vizuri, kwa Kirundi cha wazee, akishukuru wageni, akitaja ukoo na mahali ulikotoka. Kisha akageuka upande wa nyumba ili awataje wafiwa, akaniona.

Spika zikawa zinavuma tu.

Mimi nilidhani anangoja kitu, na niliona kweli kulikuwa na kosa ambalo yeye, mjuzi wa mambo haya, hakupaswa kulifanya. Nikapaza sauti: "Baba mdogo, waambie wapunguze kelele! Baba asije akaogopa kubisha hodi!"

Mama alifunika uso kwa kile kitenge kipya. Bibi mmoja alianza kusema "yoo, yoo" taratibu, bila kukoma. Baba mdogo aliweka kipaza sauti chini, kwenye mchanga, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akaja akanishika bega na kunizungusha nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mimi na sahani yangu.

Alichuchumaa tukatazamana. Alipapasa mfukoni kutafuta tangawizi, haikuwepo.

"Baba yako amekufa, mwana wanje."

"Najua," nikasema. "Si ndiyo maana namngoja mlangoni?"

Nimeona watu wakipigwa maishani mwangu, lakini sijaona uso ukipigwa namna ile. Aliinama akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Siku nyingi alizoahirisha neno moja gumu, alikuwa amenijaza maneno mengine mepesi, na sasa yale mepesi yamekaa mahali pa lile gumu na hayatoki. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sikujua methali hiyo, na hata ningeijua nisingemtupia.

"Sikiliza," alisema mwisho. "Wale wa kwenye video nina maneno yao. Huyu wetu sina neno lake hata moja. Hatabisha hodi."

"Kesho?"

"Wala kesho."

"Amepotea njia?"

"Hajapotea. Wamemlaza kwenye udongo, na udongo wa kweli haufunguki. Usimngoje tena. Lia, mwanangu, mimi nipo."

Nikatazama sahani. Jambo lililonijia kwanza halikuwa baba, lilikuwa ule ukoko, chakula chote nilichokibakiza tangu msimu wa mahindi, kilichokwenda kwa kuku. Hapo ndipo nikalia, na nililia vibaya, mpaka kwikwi ikanibana. Aliniacha nilie. Kisha akafunua sahani, akasema kimepoa, tule sisi. Tukala pale migombani, yeye akinitafutia minofu, machozi yakimtiririka puani bila kuyajali. Huko uwanjani mtu mwingine alichukua kipaza sauti akamalizia hotuba, na kilio kikatangazwa kwamba kimekwisha, wakati changu kilikuwa hata hakijapoa.

Sikurudi bandani siku za gulio. Hakunikataza, ni mimi sikutaka. Nilipofika sekondari hapa Kasulu nilikuta kwenye sanduku la msichana mwenzangu wa bwenini ile riwaya ya jeneza, safari hii ikiwa na gamba zima. Niliisoma yote kwa pupa. Aliye ndani ya jeneza hakutaka kumsalimia mtu. Anatoka, anawamaliza mmoja mmoja, hadi mtoto mchanga, na ukurasa wa mwisho anacheka. Nilikaa kitandani nikifikiria. Nikaja na jibu moja, kwa ile akili ya kidato cha kwanza inayojua kila kitu: kumbe maskini Baba mdogo hakujua kusoma vizuri. Alikuwa anaotea. Na filamu vivyo hivyo, lugha za watu hakuzijua, akawa anajaza jaza. Likizo nilimtania, nikamwambia tafsiri yake ilikuwa ya chai bila majani. Alicheka sana. "Ego, ndiyo," alisema, "shule yangu ilikuwa fupi." Na hilo likabaki kuwa ndilo ninalolijua juu yake, kwamba alikuwa mkalimani mwenye moyo mzuri na ufundi mdogo.

Mpaka juzi msibani. Tumeshazika, tumenawa mikono, watu wamekaa kwenye turubai wakinywa uji, na kama ilivyo kawaida stori za marehemu zikaanza. Fundi seremala mmoja, pande la mtu, akasema hatasahau siku aliyomtoroka Nestori bandani akaacha kiatu kimoja ndani, hakurudi kukichukua mpaka kesho yake, tena akiwa na mwenzake. Watu wakacheka. Mama mmoja akasema yeye kwa sababu ya Nestori alisindikizwa chooni mwezi mzima, mwanamke mwenye watoto. Mwingine akaigiza sauti yake ya wafu, sauti nzito, ya taratibu, iliyotoka kama inakwaruzwa chini ya kisima. Turubai zima likasisimka, watu wakashikana mikono huku wakicheka.

Mimi nikauliza, "Mnamsema nani?"

"Nestori," wakasema. "Kuna Nestori mwingine? Kwa kutisha, Kibondo yote hakuna aliyemfikia."

"Nestori wangu hakutisha mtu," nikasema. "Wafu wake waliomba chakula."

Mzee Shomari alikuwa kwenye kiti cha heshima, mzee sana sasa, kofia imemzidi kichwa. Alinigeukia polepole. "Ee, binti yangu," akasema. "Kumbe hukuambiwa? Hiyo ilikuwa ukiwepo wewe. Wallahi, ukikaa pale mbele kwenye gunia lako, filamu imeharibika! Watu wananijia, Mzee Shomari, tumekuja kutishwa, hatukuja kualikwa chakula. Nikamwita. Nikamwambia, Bwana Nestori, huyu mtoto ananivunjia banda, mwache nyumbani. Akaniambia, mzee, akitoka huyu na mimi natoka, utafute mwingine wa kukaa kwenye kiti."

"Lakini Kiingereza hakukijua," nikasema, sijui kwa nini niling'ang'ania hapo.

"Hakukijua hata kidogo! Nani alikijua? Zote mbili alizitunga mwenyewe, ya kututisha sisi na ya kukuchekesha wewe. Nikamuuliza, kwani huyu mtoto ana nini? Akasema, nina neno la kumwambia, mzee, na kwenye sauti zote nilizonazo sijapata ya kulisemea. Basi nikamwacha. Nifanyeje? Nilikuwa na watoto na mimi."

Watu waliendelea na stori. Mimi niliinuka nikaenda kwenye masufuria yangu, nikashika mwiko, nikalia kuliko nilivyolia kaburini. Nilimlilia, na niliona wivu pia, niseme kweli. Mji mzima uliisikia sauti ile ya kisima, kipaji chake chote, ila mimi. Mimi alinipa iliyobaki, na miaka yote alikubali nimdhanie mbumbumbu kuliko nijue aliiharibu kazi yake kwa ajili yangu. Mtu akikupenda namna hiyo unabaki na uchovu usio na pa kuutua.

Leo ni Jumamosi. Mvua inapiga bati la duka, umeme umekatika, mteja hata mmoja hakuna. Binti yangu Imelda amekaa juu ya majora, miguu inaning'inia, na simu yangu mkononi. Hajui. Nilipokwenda Kibondo nilimwambia naenda kumsalimia Babu, na niliporudi nilisema Babu amepumzika. Baba mdogo alikuwa akimpigia kila Jumamosi na kumsemesha kwa sauti za wanyama. Leo ameshauliza mara kadhaa mbona Babu hapigi, na kila akiuliza nimemjibu ngoja kidogo, mama kachoka. Mume wangu ananiangalia tu. Kwao si kwetu, yeye angeshasema zamani. Anangoja mimi, ndugu wa marehemu, nitimize zamu yangu.

"Mama," Imelda anasema. "Huyu anasema nini?"

Ananionyesha simu. Amefungua filamu ya kutisha, sijui ameitoa wapi, ya lugha ambayo sijaisikia tangu nizaliwe. Mwanamke mzee, ngozi ya kijivu, amesimama nje ya dirisha na kusogeza midomo. Nikafungua mdomo, na maneno yalikuwa pale pale, yananingoja, mepesi, yananukia tangawizi. Nikayameza. Nikachukua simu nikaigeuza kifudifudi juu ya meza.

"Babu Nestori amekufa, mwanangu," nikasema. "Tumemzika. Hatapiga simu leo, wala Jumamosi nyingine. Usimngoje."

Alinitazama kama ananipima. Kisha uso wake ukakunjamana, akanirukia, akalia na kamasi zake kwenye kitenge changu cha biashara, na mimi nikalia naye, mvua ikatufichia sauti. Tulikaa hivyo mpaka akaishiwa. Akajifuta kwa kiganja. Akaigeuza simu. Yule mwanamke wa kijivu bado alikuwa dirishani, amegandishwa mdomo wazi.

"Na huyu," akasema, sauti imekauka, "yeye anasema nini?"

Niliinama rafu ya chini, nikatoa kipaza sauti chenye waya uliokatika, nikakisogeza mdomoni.

"Amahoro, wenyeji," nikasema. "Nimetoka mbali. Chakula kimebaki?"

Imelda akamtazama yule mwanamke, akanitazama mimi.

"Kipo," akasema.